Bafu Lililotaga Mayai

Kila Jumamosi asubuhi, mtaa wetu wa Haddadin mjini Tripoli, huko Lebanoni, huamshwa na watu wawili: muuza mikate ya kaaki anayegonga toroli lake kwa kipande cha chuma, na Mjomba Nazim anayewapigia mluzi njiwa wake juu ya paa. Rudaina, mpwa wa huyo Nazim, hakuhitaji kuamshwa na yeyote. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Jumamosi ilikuwa siku yake. Alinawa, akatia mdomoni kipande cha kaaki ya ufuta, akambusu mama yake, na kabla mama hajamaliza kusema "funga viatu," mtoto alikuwa kwenye ngazi.

Alikuwa anakwenda maktaba. Usifikirie maktaba ya nguzo na mazulia. Ni vyumba viwili juu ya duka la sabuni, na vitabu vyote vinanuka sabuni ya zeituni. Ukifika na kitabu nyumbani, watakuuliza kama umekisoma au umekifua.

Mwalimu Sawsan, anayefundisha Kiarabu shuleni, ndiye aliyeanzisha pale klabu ya wasomaji. Desturi ya klabu ilikuwa moja tu. Ukisoma kitabu kikakupendeza, Jumamosi unasimama mbele ya wenzako, unawaambia kwa nini wakisome, halafu unakifunga utepe wako na kukiacha mezani achukue anayetaka. Kila mwanachama alikuwa na rangi yake. Wajdi, mtoto wa fundi viatu, mwembamba mwenye maneno makali, alikuwa na utepe mweusi. Wa Rudaina ulikuwa wa kijani.

Na huo utepe wa kijani ulikuwa na jina, nakuambia. Kitabu kikifungwa kijani hakikai mezani. Watoto hawakufungua hata ukurasa. Waliuliza tu, "Cha Rudaina?" na mikono ikanyooshwa. Jambo hilo lilimkera sana Wajdi.

"Wewe Rudaina," alimwambia siku moja, "ukifunga utepe wako kwenye kitabu cha namba za simu, hawa watakisoma mpaka mwisho na kulia."

"Na wewe ukifunga wako kwenye mkate, hakuna atakayekula," Rudaina akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Basi wiki moja ya mwezi wa nne, Rudaina hakusoma kitu. Binamu yake alikuwa anaolewa, nyumba ilijaa wageni, na kila akikaa na kitabu anaitwa akabebe sinia, akachague vikombe, akamshike mtoto wa nani sijui. Wiki ikaisha hivyo. Jumamosi ikafika, na Rudaina akapanda ngazi za maktaba mikono mitupu.

Angeweza kusema, "Wiki hii sikusoma." Nani angemla? Wenzake walisema hivyo kila mara. Lakini mlangoni alikutana na Wajdi, ambaye alikuwa ameshika kitabu kinene juu ya mabaharia wa nyambizi huku akitabasamu mpaka kwenye masikio.

"Leo nina kitu, bibi," Wajdi akasema. "Leo utepe wako utakaa kimya."

Rudaina akaingia chumba cha ndani. Kwenye kona kulikuwa na katoni la vitabu vilivyotolewa na familia moja baada ya babu yao kufariki. Vingi vilikuwa vimechakaa, na Mwalimu Sawsan alikuwa amevitia majalada mapya ya karatasi ngumu, bila picha, akaandika majina kwa kalamu. Rudaina akachomoa kimoja cha juu. Jina lilikuwa maneno mawili, na alipolisoma moyo wake ukatulia. *Hammam Darbina*. Bafu la Kichochoro Chetu.

Hapa lazima nisimame kidogo. Kwa lugha yetu, njiwa ni *hamam*. Bafu la mtaa, lile la mvuke ambalo watu huenda kuoga na kusuguliwa, ni *hammam*. Mdomoni ni maneno mawili mbalimbali. Kwenye karatasi ni herufi zile zile: ha, mimu, alifu, mimu. Kinachoyatenganisha ni shada, kile kialama kidogo kinachokaa juu ya mimu kuikaza. Watoto wa darasa la kwanza ndio huwekewa shada vitabuni. Vitabu vya wakubwa huiacha, kwa kuwa anayesoma habari yenyewe ataelewa tu ni neno gani. Tatizo linamfika yule asiyesoma.

Rudaina hakusoma. Alifikiri, bafu? Nani wa Haddadin asiyejua bafu? Akaenda mbele akiwa amekikumbatia kitabu.

"Wenzangu," akaanza, "kuna kitabu hapa kitawafanya msikie mvuke usoni." Maneno yakamtoka kama maji ya bomba. Akawaambia habari za bafu la zamani lenye kuba la vioo, na mama wa bafu anayejua siri za mtaa mzima kwa sababu watu wakivua nguo huvua na siri zao. Akawaambia juu ya bibi harusi aliyelia kwenye mvuke asijulikane kama ni machozi au jasho. Akatia chumvi, akatia na ndimu. Watoto walikaa midomo wazi. Hata Wajdi alisahau nyambizi yake.

Mwalimu Sawsan alikuwa amejiegemeza dirishani. "Hicho mimi mwenyewe sijapata nafasi ya kukisoma," akasema. "Umefika mwisho, Rudaina?"

"Nimefika, Mwalimu. Mwisho wake ndio mtamu kuliko yote."

Akakifunga utepe wa kijani. Kabla hajakiweka mezani, mkono mdogo ulikuwa umeshakishika. Ulikuwa mkono wa Lamis.

Lamis alikuwa na miaka kumi na alikuwa mgeni katika klabu. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na tangu ajiunge hakuwahi kuazima kitabu hata kimoja. Alikuja, akakaa nyuma, akasikiliza, akaondoka. Leo macho yalimng'aa.

"Bibi yangu alikuwa msuguaji katika bafu la mtaa," alimwambia Rudaina. "Tangu ujana wake. Sasa macho yake hayaoni vizuri. Nitamsomea hiki. Atafurahi, ee?"

Rudaina akautazama utepe wa kijani. Hapo ndipo angeweza kusema.

"Atafurahi sana," akasema.

Jumamosi iliyofuata, Lamis alifika akiwa amechelewa. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mbele, akaweka kitabu mezani, utepe wa kijani ukiwa bado juu yake, na akageuka kuondoka.

"Lamis," Mwalimu Sawsan akamwita, "umekimaliza?"

"Sikukimaliza, na sitakimaliza," Lamis akasema. "Siku ile nilipomsomea Bibi, wajomba zangu na binamu zangu walikuwa nyumbani. Bibi akawaambia wote wanyamaze, mjukuu wake anasoma. Alijifunga mtandio wake mzuri. Nikasoma, 'Baba alipanda paani akalifungulia mlango bafu.' Mjomba akauliza, bafu liko paani? Nikamwambia labda ni la matajiri. Nikaendelea. 'Bafu likapiga mabawa, likaruka, likazunguka mnara wa msikiti.'"

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko.

"Na mimi nikaendelea tu!" Lamis akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Kwa sababu Rudaina alisema ni bafu! Nikafikiri mimi ndiye sijui kusoma, mbele itaeleweka. Nikafika penye 'bafu jeupe lilitaga mayai mawili.' Hapo wakacheka mpaka binamu yangu akaanguka kutoka kwenye kochi. Mpaka leo wananiita Bafu. Wananiuliza, 'Bafu, umetaga?' Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alivua mtandio akaukunja."

Chumba kilikuwa kinavunjika mbavu. Usiwalaumu sana, watoto ni watoto. Wajdi alinyakua kitabu, akakifungua katikati, akasoma mstari, akasoma mwingine, kisha akainua uso.

"Njiwa!" akapiga kelele. "Kitabu kizima ni njiwa! Wanakula mtama! Rudaina, bibi harusi wako alikuwa analilia wapi, tunduni?"

Rudaina aliona uso wake ukiwaka. "Nilichanganya," akasema. "Nilisoma vitabu viwili, nikachanganya."

"Cha pili kinaitwaje?" Mwalimu Sawsan akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Rudaina akafungua mdomo. Jina halikuja. Alimtazama Lamis aliyesimama pale na pua nyekundu, naye akaona hawezi tena.

"Sikukisoma," akasema. "Hata ukurasa mmoja."

Kicheko kilikatika. Mwalimu Sawsan hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ufungue utepe wako mwenyewe." Rudaina akaufungua. Kisha mtoto mmoja wa mbele, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akauliza, "Na vile vingine vyote, ulivisoma?"

Alikuwa amevisoma. Kila kimoja, mpaka neno la mwisho. Lakini alipotazama nyuso za wenzake alijua kwamba akisema ndiyo, hakuna atakayemwamini. Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Lamis alikuwa amefika mlangoni. "Mimi na vitabu basi," akasema, na wakamsikia akishuka ngazi.

Nyumbani Rudaina alipanda moja kwa moja paani, kwa kuwa ndipo mahali pa kulia bila kuulizwa. Lakini Mjomba Nazim alikuwa huko, anasafisha tundu. Akamwambia yote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Unajua watu wanasemaje juu yetu sisi warusha njiwa," akasema. "Kwamba ushahidi wetu haukubaliwi mbele ya kadhi. Kwa sababu njiwa wa jirani akitua kwangu, nitaapa kwamba alizaliwa hapa hapa. Sasa na wewe neno lako halikubaliwi kwa ajili ya njiwa. Karibu, mwanangu. Tuko wawili."

"Mjomba, usinichekeshe!"

"Sikuchekeshi. Mimi nimezoea, nina umri huu. Wewe utakubali kuzoea?"

Rudaina akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Sikubali," akasema.

Na akikwambia hakubali, huyo mtoto, ujue hakubali. Siku ile ile alirudi maktaba, akamwomba Mwalimu Sawsan kitabu, akaketi nacho paani katikati ya njiwa wenyewe. Kilikuwa kinene. Kilikuwa ni hadithi ya baba na mtoto wake waliogombana mpaka wakaacha kusemezana. Waliishi kwenye mapaa mawili yanayotazamana, kila mmoja na njiwa wake, na kila mmoja akingoja njiwa wa mwenzake akosee njia atue kwake, apate angalau kitu kutoka upande wa pili. Sura za kwanza zilimshika. Katikati kulikuwa na kurasa na kurasa za aina za njiwa, rangi za njiwa, magonjwa ya njiwa, na usingizi ukamjia mara nyingi. Zamani angeruka. Safari hii alijikaza kisabuni akasoma hata kuhara kwa njiwa. Alipobakiza sura mbili za mwisho, alifunga kitabu.

"Mbona umeacha?" mjomba akamuuliza.

"Hizi nitazisoma na wenyewe, Lamis na bibi yake," akasema.

Mlango wa kina Lamis ulifunguliwa na kaka yake, Tamer. Alimtazama Rudaina, akatazama kitabu, akageuza kichwa kuita ndani. "Jamani, bafu limekuja! Fungeni madirisha lisiruke!"

Rudaina alipiga moyo konde. "Nimekuja kumwona Bibi," akasema.

Bibi yake Lamis, Bi Wadia, alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na jiko la mafuta. Alikuwa mnene, mikono mikubwa, vidole vimekunjamana mpaka leo kwa maji ya miaka yote ile. Alielekeza uso kwenye sauti.

"Wewe ndiye wa utepe?"

"Ndiye mimi, Bibi. Nilimdanganya Lamis. Kitabu sikuwa nimekisoma. Si kwamba yeye hajui kusoma, alisoma sawasawa kama nilivyomwambia mimi. Mwongo ni mimi." Alisema kwa nguvu, Tamer asikie, na mwingine aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni asikie pia. "Sasa nimekisoma, nimebakiza sura mbili za mwisho tu. Si cha bafu, ni cha njiwa, na katikati kinachosha. Lakini ni kizuri. Nimekuja kukusomea, kama utanikubalia."

"Njiwa!" Bi Wadia akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa na njiwa. Alikuwa akiwasalimia wao kabla ya kunisalimia mimi. Sitaki kusikia habari za njiwa."

"Basi nitasoma ukurasa mmoja. Ukinifukuza, nitaondoka."

"Ebo! Mtoto king'ang'anizi. Soma."

Akasoma ukurasa mmoja. Bi Wadia hakumfukuza. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu, mtoto wa hadithi alipomkamata njiwa wa baba yake na kukuta mguuni uzi mwekundu aliofunga marehemu mama yake, Bi Wadia alishusha pumzi. "Endelea," akasema.

Kesho yake Rudaina alirudi baada ya shule, na kesho kutwa pia. Mlango wa jikoni mwanzo ulikuwa umefungwa. Halafu ukawa nusu wazi. Siku aliyofika kwenye magonjwa ya njiwa, Rudaina alimwambia Bi Wadia, "Hapa panachosha, Bibi, vumilia," na sauti kutoka jikoni ikasema, "Kweli panachosha." Siku iliyofuata Lamis alikuwa ameketi kwenye zulia, amempa Rudaina mgongo. Siku nyingine alikuwa kwenye kochi, katikati yao, macho kwenye ukurasa. Hakuwa amesema neno la msamaha, na Rudaina hakuliomba.

Wakafika kwenye zile sura mbili za mwisho. Ilikuwa jioni, umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake, na Lamis alishika taa ya betri juu ya kitabu. Mzee wa hadithi alikuwa ameugua na sasa amepona kidogo. Rudaina alikuwa anasoma kwa haraka, ametekwa, na neno lile alishalisoma mara mia kitabuni humu.

"'Siku ya sikukuu,'" akasoma, "'mzee alijikokota mpaka mwisho wa kichochoro, akaingia ndani ya njiwa, akavua viatu.'"

"Aliingia ndani ya nani?" Bi Wadia akauliza.

"Ndani ya njiwa," Rudaina akarudia, akakunja uso.

"Njiwa gani huyo, tembo?"

"Shada!" Lamis akapiga kelele. Kidole chake kilikuwa chini ya neno, kama zamani. "Tazama juu ya mimu! Hapa ameiweka! Kitabu kizima hakuna, lakini hapa ipo! Si njiwa, Rudaina, ni bafu! Mzee ameingia bafuni!"

Rudaina akainama. Kweli, ilikuwa pale, ndogo kama mguu wa sisimizi. Kitabu kizima mwandishi hakuihitaji, na hapa alijua msomaji aliyezoea njiwa atapotea. Rudaina angeipita. Aliyeiona ni yule ambaye alikuwa anaitwa Bafu.

Kicheko kilianza kwa Bi Wadia, kikaja kwa Lamis, kikampata Rudaina. "Akavua viatu ndani ya njiwa!" Lamis akasema, akashindwa kupumua. Tamer alichungulia mlangoni kujua kuna nini, na dada yake akamtazama bila hofu. "Kaa chini usikilize," akamwambia. "Sasa nasoma mimi."

Akasoma yeye, polepole, neno kwa neno, na hakuna aliyemharakisha. Akasoma jinsi mzee alivyoketi kwenye jiwe la moto, mvuke mzito hata hawezi kuona mkono wake. Jinsi msuguaji alivyokuja nyuma yake akaanza kumsugua mgongo, kwa upole, muda mrefu, bila kusema. Na jinsi mzee alivyotambua, kwa namna ile mikono ilivyokwepa kovu la bega lake, kwamba aliyekuwa nyuma yake si msuguaji. Alikuwa ni mtoto wake. Hawakusemezana hata hapo. Mzee aliinamisha kichwa tu, akamwachia mgongo.

Bi Wadia alilia wazi wazi, bila kujificha. "Mtandio wangu mzuri uko wapi?" akauliza. "Nipeni. Na Jumamosi mnipeleke hiyo maktaba yenu."

Jumamosi wakampandisha ngazi, Lamis mkono huu, Rudaina mkono ule, Tamer nyuma, na bibi mwenyewe akitukana kila ngazi kwa jina lake. Watoto wakampa kiti cha mwalimu. Lamis akasimama mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekohoa.

"Kitabu hiki kinaitwa *Hamam Darbina*," akasema. "Ni njiwa, si bafu, msije mkachekwa. Katikati kinachosha. Tumekisoma chote, mimi na Rudaina, na Bibi amekisikia chote. Someni kwa sababu mwisho wake mtu anasuguliwa mgongo, na sitawaambia ni nani." Akatoa mfukoni utepe mpya, rangi ya chungwa, wake wa kwanza. Akakifunga mafundo mawili. Mikono minne ilinyooshwa kwa pamoja, na mkono mmoja ulikuwa wa Wajdi.

"Rudaina," Mwalimu Sawsan akasema. "Na wewe una kitu?"

Rudaina alikuwa na kitu. Kilikuwa kitabu juu ya mpishi mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuonja, na alikipenda tangu mstari wa kwanza. Utepe wa kijani ulikuwa mfukoni, ameupiga pasi. Chumba kizima kilimtazama kuona atafanyaje.

"Nina kitabu kizuri, habari za mpishi mmoja," akasema. "Lakini kimebaki sura moja. Huenda mwisho wake ukaharibika, sijui. Leo sina cha kupendekeza." Akaketi.

Bi Wadia akainua mkono kuwaita watoto.

"Njooni karibu, mimi siwaoni," akasema. "Nimewasugua migongo wanawake wa mji huu tangu nikiwa msichana. Uso wako utauosha mwenyewe, una kioo. Mgongo wako huuoni. Mteja hukaa, hukupa mgongo, na ukimwambia 'umetakata,' huvaa nguo zake na kwenda kwenye harusi kwa neno lako. Mimi ningeweza kupitisha maji tu nikasema umetakata. Nani angejua? Angejua mumewe, angejua mama mkwe, na yeye angekuwa wa mwisho kujua. Basi anayekwambia soma kitabu hiki, ni hivyo hivyo. Wewe hujakiona. Umempa mgongo. Huyu mtoto alisema umetakata na hakuwa amesugua, mjukuu wangu akaaibika. Kisha alirudi akasugua, siku baada ya siku, mpaka kwenye magonjwa ya njiwa, na mimi magonjwa yale nisingemsomea hata mume wangu." Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Rudaina, akaushika. "Usiseme umetakata mpaka usugue. Na kama hujasugua, sema hujasugua. Sasa hivi umesema, nami nimekusikia."

Mwalimu Sawsan alifungua madirisha, na harufu ya sabuni ikapanda kutoka dukani. Juu ya mapaa mluzi wa Mjomba Nazim ulisikika, na kundi lake likapita, jeupe, likaelekea upande wa ngome ya mji.

"Bafu hilo linaruka," Tamer akanong'ona, na dada yake akampiga kikumbo.

Wajdi alikuwa anakusanya vitu vyake. Alipopita karibu na Rudaina alisimama, akijitia anatafuta kofia yake.

"Hicho cha mpishi," akasema bila kumtazama, "ukikimaliza, kikiwa kizuri, usikiweke mezani. Nipe mimi kwanza."